Betri Inayoisha Chaji Gari Likiwa Limeegeshwa: Jinsi ya Kuusaka Mkondo Unaoinyonya

Gari lililozimwa na kufungwa halilali kabisa. Saa, alamu, kipokezi cha rimoti, kumbukumbu ya redio na ya kompyuta ya injini huendelea kunywa umeme kidogo usiku kucha, na gari limeundwa hivyo. Shida huanza pale kitu kimoja kinapokunywa kupita kiasi, ukaamka asubuhi na kukuta stata inalia tik-tik-tik bila kuzungusha injini.

Wengi hukimbilia kununua betri mpya. Inasaidia kwa muda, maana betri mpya ina akiba kubwa, halafu mambo yanarudi yaleyale. Tena safari hii betri mpya nayo imeshaanza kuumia: betri ya risasi na asidi ikikaa tupu, sahani zake hujengeka ukoko mgumu wa salfeti, na uwezo uliopotea haurudi wote hata ukiichaji vizuri. Pima kwanza. Unachohitaji ni multimita ya kawaida (mita ya kupima umeme), spana ya vichwa vya betri (mara nyingi namba 10), kebo moja ya kubusti (waya mnene wa kuazima umeme wa betri nyingine) na subira. Vifaa hupatikana kwa urahisi; subira ndiyo inayokosekana.

Hesabu fupi kabla ya kufungua boneti

Gari zima likiwa limelala hunywa miliampea 20 hadi 50 hivi. Baadhi ya magari mapya yenye vifaa vingi hupita hapo kidogo. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ni mkondo mara saa, na ndiyo hupima akiba ya betri). Betri ya ampea-saa 60 itafika nusu baada ya siku 25 hivi, kwa hiyo gari linaloachwa mwezi mzima bila kuwashwa likakataa kuwaka huenda halina ubovu wowote.

Sasa chukua taa ndogo ya wati 5 iliyobaki ikiwaka ndani ya buti. Inakunywa takriban ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ileile inafika nusu ndani ya siku tatu. Mkondo wa ampea 1 utaifikisha hapo kwa siku moja na robo. Ndiyo maana muda ambao gari hukaa kabla ya kugoma ni ushahidi mzuri: likigoma baada ya usiku mmoja, unatafuta kitu kikubwa au betri yenyewe imekwisha, likigoma baada ya siku nne au tano, unatafuta kitu cha ukubwa wa balbu.

Hatua ya kwanza: macho na mikono

Chomoa kila kilichochomekwa: chaja ya simu, kamera ya dashibodi, na hasa kile kifaa kidogo cha uchunguzi ambacho watu huchomeka kwenye soketi ya chini ya usukani na kukisahau. Hicho kinaweza kuzizuia kompyuta za gari zisilale.

Usiku, au mahali penye giza, funga gari uchungulie. Taa za breki zimezimika? Kwenye kanyagio la breki huwa na kipira kidogo kinachobonyeza swichi. Kikichakaa na kudondoka, taa za breki hubaki zinawaka hata mguu haupo. Kwa taa ya buti na ya kisanduku cha dashibodi, washa kamera ya simu irekodi video, iweke ndani, funga, subiri kidogo kisha utazame. Huhitaji kumfungia mtu kwenye buti.

Jiulize pia nini kiliongezwa au kurekebishwa kabla tatizo halijaanza. Redio mpya, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, spika kubwa. Kwa maoni yangu vitu vilivyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani ndivyo vya kushukiwa kwanza, na mara nyingi kosa liko kwenye ufungaji wala si kwenye kifaa.

Hatua ya pili: je, betri yenyewe ni nzima?

Weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa aina ya betri. Gari likiwa limetoka kuendeshwa, volti zitasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo liache litulie saa kadhaa, au washa taa kubwa dakika mbili, zima, kisha subiri dakika kumi. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na ikishuka hadi 12.0 imekaribia kuisha. Chini ya hapo usiendelee na vipimo vingine; ichaji kwa chaja hadi ijae kwanza. Kupima gari lenye betri tupu kunatoa majibu ya uongo, kwa sababu kompyuta zinazopata umeme hafifu huanza kufanya vituko vyake.

Ikishajaa, muombe mtu apige stata huku ukitazama mita. Kama hali ya hewa si ya baridi kali, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 8 au 7 ilhali betri ilisoma 12.6, betri imechoka ndani.

Kipimo kinachofuata ni rahisi kuliko vyote, na sielewi kwa nini hakitumiki zaidi. Betri ikiwa imejaa na kutulia, andika volti zake, kisha fungua kichwa cha waya hasi, kisogeze kisiguse ncha, na uache hivyo usiku kucha. Asubuhi pima tena. Kama volti zimeshuka sana wakati betri haijaunganishwa na chochote, gari halina hatia: betri inajimaliza yenyewe. Kama volti zimebaki palepale, lakini ikiunganishwa usiku unaofuata inaisha, basi kuna mkondo ndani ya gari na una kazi ya kufanya. Usiku mmoja wa kusubiri unaweza kukuokolea siku nzima ya kuchomoa fyuzi. Kumbuka tu kwamba ukikata betri, redio nyingine hudai namba ya siri na vioo vya umeme huenda vikahitaji kufundishwa upya, hivyo hakikisha namba hiyo unayo.

Kitu kidogo hapo: uchafu wenye unyevu juu ya betri hupitisha umeme. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi, mwingine uburuze juu ya plastiki ya betri. Mita ikisoma volti yoyote ya maana, safisha kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, bila kuyaruhusu yaingie ndani ya vifuniko, kisha kausha.

Hatua ya tatu: uchaji

Washa injini, pima kwenye ncha za betri. Kwa magari mengi utaona 13.8 hadi 14.7. Magari mapya yenye altaneta (jenereta inayochaji betri injini ikiwaka) inayoongozwa na kompyuta yanaweza kupanda na kushuka nje ya hapo, usishtuke. Ikiwa namba imeganda kwenye 12.3 na inazidi kushuka, betri haichajiwi na hakuna mnyonyaji wa kumtafuta. Safari fupifupi pia zina lawama yake: gari linalowashwa mara nyingi na kuendeshwa dakika tano tano halirudishi umeme liliotumia kupiga stata.

Hatua ya nne: kupima mkondo, gari likiwa limelala kweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukifungua mlango, ukabonyeza rimoti au ukakata betri na kuirudisha, kompyuta za gari huamka zote na kunywa ampea kadhaa. Kisha hulala moja baada ya nyingine, kwa kawaida ndani ya dakika 10 hadi 30. Kuna magari yanayochukua hadi saa nzima. Kupima kabla ya hapo ni sawa na kumpima mtu mapigo ya moyo mara tu anapomaliza kupanda ngazi: namba ni ya kweli lakini haikuambii ugonjwa.

Andaa gari lisihitaji kuamshwa tena. Teremsha kioo, fungua milango utakayohitaji ili ufikie fyuzi, kisha kwa bisibisi sukuma ulimi wa kitasa cha kila mlango uliofunguliwa mpaka ujifunge kama vile mlango umefungwa. Fanya hivyo pia kwa boneti kama lina swichi ya alamu. Bandika utepe kwenye usukani wa kukukumbusha kuviachia vitasa hivyo kabla ya kubamiza mlango, la sivyo utavivunja. Ufunguo usiohitaji kuchomekwa upeleke mbali, mita kumi au zaidi, maana ukiwa karibu gari huendelea kuzungumza nao.

Ondoa pete na saa ya chuma. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu. Betri hutoa gesi ya hidrojeni. Na kama gari ni la mseto au la umeme, kazi hii inahusu betri ndogo ya volti 12 pekee. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Sasa weka waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A na mweusi kwenye COM (tundu la pamoja), kisha geuza swichi kwenye ampea za DC. Usitumie tundu la miliampea: fyuzi yake ndogo itaungua gari likiamka. Kipimo cha ampea 10 huonyesha hata mkondo mdogo wa ampea 0.01, yaani miliampea 10, na hiyo inatosha.

Mita ya ampea hukaa katikati ya njia ya umeme, yaani kati ya ncha hasi ya betri na kichwa cha waya hasi. Lakini usikate njia hiyo hata kidogo, na hapo ndipo kebo ya kubusti inapoingia. Kichwa kikiwa bado kwenye betri, bana upande mmoja wa kebo kwenye ncha hasi, na upande wa pili kwenye chuma cha kichwa chenyewe au mahali safi pa chuma ambapo waya hasi umefungwa kwenye bodi. Sasa legeza kichwa na ukinyanyue. Umeme unaendelea kupita kwenye kebo na gari halijahisi kitu. Unganisha mita: waya mweusi kwenye ncha hasi, mwekundu kwenye kichwa. Funga gari kwa rimoti, ipeleke mbali, ondoka. Rudi baada ya saa moja na uondoe kebo upande mmoja. Mkondo wote sasa unapita kwenye mita, na gari bado limelala.

Wakati wowote unapotaka kufungua kitu kinachoweza kuliamsha gari, rudisha kebo kwanza. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa peke yake. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti mara moja. Anayesahau na kwenda kupima volti za betri huku waya ukiwa kwenye 10A anatengeneza shoti moja kwa moja kupitia mita yake.

Kama una mita ya kubana waya, mambo ni mepesi zaidi, mradi iwe inayopima DC na inayosoma miliampea. Nyingi hupima AC tu, umeme wa aina ya nyumbani, na hapa hazina faida. Isawazishe isome sifuri, kisha bana waya hasi au chanya pamoja na matawi yake yote. Kwenye magari yenye kisensa cha kupima umeme wa betri kilichofungwa kwenye ncha hasi ningechagua njia hii, kwa kuwa kisensa hicho ni dhaifu na hakipendi kuvutwavutwa.

Ukisoma 0.03 au 0.04, gari ni zima kwa sasa. Ukisoma 0.30 na namba haishuki hata baada ya saa nzima, mnyonyaji yupo. Ukiona namba inaruka, mathalani 0.05 kisha 0.60 kisha 0.05 kila baada ya sekunde chache, kuna kompyuta inayoamka na kulala. 

Hatua ya tano: fyuzi gani?

Njia ya zamani ni kuchomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Kwa magari ya zamani bado inafaa. Kwa magari mapya ina kasoro mbili: kuchomoa na kurudisha fyuzi huamsha kompyuta, na pia huweza kuilaza ile iliyokwama, tatizo likatoweka kabla hujaliona.

Njia ninayoipendelea ni kupima milivolti juu ya fyuzi bila kuichomoa. Kila fyuzi ina ukinzani mdogo sana. Mkondo ukipita, huacha tofauti ndogo ya volti kati ya miguu yake miwili. Mgongoni mwa fyuzi za plastiki kuna vitundu viwili vya chuma tupu. Weka mita kwenye milivolti za DC, gusisha ncha zake kwenye vitundu hivyo. Fyuzi isiyopitisha kitu itasoma 0.0. Fyuzi ndogo ya ampea 10 ikisoma milivolti 1, inapitisha miliampea 130 hivi. Ya ampea 20 yenye usomaji huohuo inapitisha karibu 300, kwa kuwa kadiri fyuzi inavyokuwa kubwa ndivyo ukinzani wake unavyopungua. Hizi ni namba za kukadiria, zinatosha kukuonyesha njia. Pitia visanduku vyote: chini ya dashibodi, ndani ya boneti, na kwenye buti kama kipo. Andika kila fyuzi yenye usomaji.

Kisha soma mchoro wa kifuniko cha fyuzi au kitabu cha gari ujue fyuzi hiyo inalisha nini. Mara nyingi italisha vitu vinne au vitano. Chomoa soketi ya kimoja kimoja huku ukitazama mita, ukianza na vinavyofikika kirahisi. Ikiwa ni redio isiyo ya kiwandani, angalia nyaya zake: kwa kawaida wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa swichi. Fundi aliyeziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu ameiacha redio ikiwa macho usiku na mchana, na kama inaamrisha amplifaya (kikuza sauti), hiyo nayo haizimiki.

Rilei, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme, huchunguzwa kwa mkono. Gari likiwa limelala, rilei yenye uvuguvugu ina koili inayopata umeme au inafanya kazi isiyotakiwa. Badilishana nayo na nyingine ya namba ileile. Mkondo ukiisha, rilei imeganda. Ukibaki, kuna kinachoiamuru.

Hatua ya sita: mkondo usiopita kwenye fyuzi ndogo

Fyuzi zote zimesoma sifuri lakini mita kuu bado inaonyesha 0.5? Angalia nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye ncha chanya: amplifaya, alamu, taa za nyongeza. Kisha altaneta. Ndani yake kuna dayodi zinazoruhusu umeme uende upande mmoja tu. Moja ikiharibika, umeme wa betri hurudi ndani ya altaneta usiku kucha. Gari likiwa limeegeshwa saa nyingi na injini imepoa kabisa, gusa mwili wa altaneta. Ikiwa na joto wakati kila kitu kingine ni baridi, umempata. Kwa uhakika zaidi, kata betri kwanza, fungua waya mnene wa altaneta, ufunike vizuri usiguse bodi, rudisha betri na upime upya.

Mnyonyaji anayekuja na kuondoka

Hili ndilo gumu kuliko yote. Leo mita inasoma 0.03, kesho asubuhi betri imekwisha. Hapa mita inayotunza kiwango cha juu kabisa hukusaidia: iache usiku kucha ikiwa na kipimo hicho, kisha usome asubuhi. Jaribu pia kurudia mazingira ya kawaida ya gari. Linafungwa kwa rimoti au kwa ufunguo? Mvua ilinyesha? Kitasa chenye swichi mbovu ndani yake kinaweza kusema "mlango uko wazi" mara moja kati ya kumi, na kompyuta ya bodi ikakesha. Ndiyo maana kabla ya kukisukuma kwa bisibisi inafaa uwe umekijaribu kwa kufunga mlango kawaida, maana bisibisi huenda ikaficha ubovu uleule unaoutafuta. Vifaa vya kufuatilia gari navyo huwa na tabia hii, hasa linapoegeshwa mahali penye mtandao hafifu na kifaa kikabaki kikitafuta mawimbi.

Baada ya kutengeneza

Usiiachie altaneta kazi ya kujaza betri iliyokuwa tupu. Huipa chaji ya kutosha kuwasha gari, lakini kuijaza kabisa huhitaji saa nyingi kuliko safari ya kawaida. Tumia chaja. Kama kuna kisensa kwenye ncha hasi, bana waya hasi wa chaja kwenye bodi ili kisensa kihesabu umeme unaoingia. Baada ya kuchaji, acha betri itulie usiku mmoja ikiwa imeunganishwa na gari limefungwa, pima asubuhi, kisha pima tena asubuhi inayofuata bila kuliwasha na bila kufungua milango isiyo ya lazima. Tofauti ikiwa ni volti 0.05 au chini yake, funga vifuniko vya fyuzi. Ikizidi 0.1, rudisha mita ya ampea kwenye ncha hasi: katika gari moja wanyonyaji wanaweza kuwa wawili, na yule mkubwa alikuwa akimficha mdogo.